Mbele ya kununua ordinatere ya koperative

Mwezi wa tano, wakati mahindi inaingia ku depo, koperative moja yenye tunasaidia ilituita. Ordinatere yao, yenye ilinunuliwa mupya na haikukuwa imemaliza mwaka, ilichukua dakika kumi kwa kufunguka, kisha siku moja ikakataa kabisa. Ndani yake mulikuwa hesabu ya mbolea yenye kila memba alikopa mwezi wa kumi na moja. Kaye walikuwa wameacha kuandika, juu "sasa tuko na mashini". Siku ya kulipa kila mutu alikuja na hesabu yake mu kichwa. Tulipitisha siku mbili tukitafuta kupatanisha watu, na kuko wenye hawaongei vizuri mupaka leo.

Mutunza-feza hakukuwa na kosa. Walinunua ile yenye bei ilikuwa chini kuliko zote, yenye kungaa, ndani ya karto yake. Lakini ilikuwa na RAM ya giga 4 na nafasi ya kuweka vitu ya giga 64 tu. Windows 11 peke yake inaomba giga 64! Ile nafasi inajaa mbio, mashini inaanza kuvuta, na mara mingi mu mashini za namna ile nafasi imeunganishwa na ubao wa ndani, fundi hawezi kuibadilisha.

Kwa feza ile ile, sisi tunapenda koperative inunue ordinatere ya okazyo yenye ilitumika mu biro: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ziko nzito kidogo, na hazina sura ya kupendeza, lakini zilitengenezwa kwa kufunguliwa na kutengenezwa tena. Muombe RAM giga 8 na disiki SSD ya giga 256. SSD haina kitu chenye kuzunguka ndani, kwa hiyo inavumilia kubebwa ku pikipiki kutoka Likasi mupaka ku mashamba kuliko disiki ya zamani.

Okazyo iko na mitego yake. Ya kwanza ni umri. Tangu tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Microsoft iliacha kulinda Windows 10 bila malipo, na Windows 11 haikubali kila mashini. Kama ni Intel, muangalie namba ya prosesere: i5-8250U inaanza na 8, hiyo ni sawa. Ile ya kuanza na 6, kama i5-6300U, muache. Musisome etiketi ya inje, inaweza kubandikwa na mutu yeyote. Mufinye kitufe cha kuume pa alama ya Windows, muchague "Système", namba itaonekana.

Ya pili ni batri, na kwetu hapa, umeme ukikatika, batri njo inabakia kumalizia kazi. Muuzaji atasema "inashika masaa mane". Mumuombe tu afungue dirisha ya cmd na aandike: powercfg /batteryreport. Ordinatere itatengeneza karatasi na itaonyesha fasi iliiweka. Mutafute mistari mbili: DESIGN CAPACITY, nguvu yenye batri ilizaliwa nayo, na FULL CHARGE CAPACITY, yenye imebakia. Kama ya kwanza ni 50 000 na ya pili 20 000, batri imekwisha zaidi ya nusu; mukate bei ya batri ingine, ao muende ku duka ya pembeni. Muuzaji mwenye kukataa mupime, amekwisha kuwajibu.

Klavye pia. Mashini zenye kupitia Kasumbalesa mara mingi ziko na klavye ya Kiingereza, QWERTY, na sekretere wenu alijifunza AZERTY ku masomo. Si ugonjwa, mutu anazoea, lakini mujue mbele. Sharjere yake inaweza kuwa na miguu mitatu ya mraba yenye haiingii ku prize zetu. Adaptatere ni feza kidogo. Mupime kama iko imeandikwa volti 100–240.

Programu ya hesabu, musinunue: LibreOffice iko bure, iko mu Kifaransa, na inatosha kwa kaye ya mifuko, madeni na michango. Mudai fakture kwa jina ya koperative, si ya prezida, pamoja na namba ya mashini na garanti yenye imeandikwa.

Na kila siku ya tano, mutunza-feza akopie hesabu ku flashi mbili. Moja ibakie ku biro, ingine ilale kwa memba mwingine, mu nyumba ingine. Kaye ya karatasi iendelee, kila memba aweke sinyature yake pale siku anabeba mbolea.