Mbwa Atafutaye Waliopotea

Mtoto akipotea msituni, macho ya watu mia huweza kushindwa, na pua ya mbwa mmoja ikafaulu. Huko Uingereza mbwa wa ukoo wa Bloodhound, wenye masikio marefu na ngozi iliyolegea usoni, wamefugwa kwa kazi ya kufuata harufu kwa karne nyingi.

Mafunzo huanza kama mchezo. Mtu humwonyesha mbwa mchanga kipande cha nyama, kisha hukimbia kujificha. Mbwa hunusishwa nguo ya mtu huyo, hufungwa kamba ndefu, akaachwa aongoze. Akimpata, hulishwa nyama na kusifiwa. Baadaye njia hurefushwa, na harufu huachwa ipoe. Katika mashindano ya huko, mbwa anayeanza hufuata njia ya maili 1 iliyopitwa nusu saa kabla. Aliyebobea hufuata maili 3 zilizopitwa saa 2 kabla, na mwisho humtambua mtu yule kati ya wengine.

Mbwa hafundishwi kunusa. Hufundishwa kushika harufu moja na kuziacha nyingine zote, hata za sungura na kondoo. Mwanafunzi mgumu zaidi ni yule ashikaye kamba. Mbwa akielekea kushoto, naye mtu akamvuta kulia kwa kudhani ajua zaidi, njia hupotea, na jua kali huiharibu harufu iliyobaki. Kwa hiyo mwalimu mwema huficha mtu mahali asipopajua mshika kamba, ili ajifunze kumwamini mbwa wake. Aliyepotea hana muda wa kungojea mabishano.