Injini Kuukuu na Viapo vya Wauzaji

Katika miji ya Arua na Koboko, iliyo jirani na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini, mtafutaji wa injini ya Land Rover ya zamani aghalabu huapiwa kwamba chuma kile hakijapata kufunguliwa tangu kitoke kiwandani. Nami naiona kauli hiyo kuwa ghiliba kubwa kuliko zote, kwani rangi mpya husitiri mengi. Injini ya lita 2.25 iliyoundwa kabla ya 1980 ina beringi kuu tatu za krankshafti, ilhali za baadaye zina tano. Basi nambari iliyogongwa juu ya bloku ndiyo ithibati ya aina ya injini, na ikiwa imekwanguliwa kwa tupa, mnunuzi na aondoke. Atazame pia mafuta: yakiwa meupe mfano wa maziwa, maji yamekwisha kupenya.