Chuma kilizaliwa namna gani? Wafini wako na wimbo juu yake

Kaskazini ya Ulaya, kule baridi inafunga maziwa mpaka magari yanapita juu, kuko inchi ya Ufini. Ilitawaliwa na Uswidi, kisha na Urusi tangu 1809, mpaka ikapata uhuru mwaka 1917. Zamani vitabu kwa luga yao vilikuwa kidogo, lakini nyimbo zilikuwa mingi. Na mu nyimbo zile mufundi wa chuma anapewa heshima sawa mutu mukubwa.

Munganga moja, Elias Lönnrot, mwana wa mushonaji wa nguo, alitembea kwa miguu mu vijiji vya Karelia, akisikiliza wazee na kuandika. Mwaka 1834 mzee Arhippa Perttunen peke yake alimwimbia mistari zaidi ya 4 000. Lönnrot akaunga nyimbo zile kuwa kitabu, Kalevala, mwaka 1835. Mwaka 1849 akakiongeza, kikafika mistari 22 795.

Ndugu watatu

Wimbo unasema: maji ndiye kaka mukubwa, moto ni wa kati, chuma ni mudogo wao. Mabinti watatu walimwanga maziwa yao chini. Maziwa meusi yakawa chuma laini, meupe yakawa chuma cha pua, mekundu yakawa chuma chenye kuvunjika upesi. Chuma kikaogopa moto, kikajificha ndani ya matope. Mbwa-mwitu na dubu wakapita juu, na mu nyayo zao mufundi Ilmarinen akakiona.

Chuma kikalia ndani ya tanuru: nitoe! Mufundi akajibu: nikikutoa, utakata ndugu yako. Chuma kikaapa: hapana, nitakata miti na mawe tu. Ilmarinen akatuma nyuki kuleta asali ya kutia mu maji ya kupozea chuma. Lakini nyigu alisikia, akaleta sumu ya nyoka. Tangu siku ile chuma kilisahau kiapo chake, kikakata watu.

Juu ya nini kuimba mambo haya yote? Sababu kwa Wafini wa zamani, mutu aliyejua kuzaliwa kwa kitu alikuwa na nguvu juu yake. Mzee Väinämöinen alijikata goti kwa shoka, damu ikakataa kusimama. Mponyaji alijua maneno mingi, lakini kuzaliwa kwa chuma alikusahau. Aliposimuliwa, akakigombeza chuma sawa mutoto mwenye kuvunja kiapo, na damu ikakauka.

Kinu ndani ya mulima wa mukuba

Ilmarinen alifua pia Sampo. Mama Louhi, mukubwa wa inchi ya Pohjola, alimwahidi binti yake kama malipo. Mufundi akatia mu moto ncha ya unyoya, maziwa ya ng'ombe tasa, punje ya shayiri na sufu ya kondoo. Kwanza ukatoka upinde wa zahabu, muzuri sana, lakini kila siku ulidai kichwa cha mutu. Akauvunja, akaurudisha mu tanuru. Mwisho ikatoka Sampo, kinu chenye kusaga unga upande moja, chumvi upande wa pili, feza upande wa tatu.

Louhi akaifungia ndani ya mulima wa mukuba, nyuma ya kufuli tisa. Binti akakataa kuolewa. Mufundi akarudi kwake mikono mitupu.

Baadaye Ilmarinen, Väinämöinen na Lemminkäinen wakaenda kuichukua. Louhi akajigeuza ndege mukubwa, akawafuata juu ya bahari. Wakavutana, Sampo ikaanguka, ikavunjika. Louhi akabaki na kifuniko tu. Vipande vidogo vilifika pwani, na Väinämöinen akaviokota ili inchi ipate mavuno.

Wenye elimu wanabishana mpaka leo Sampo ilikuwa nini. Lakini mutu mwenye kutoa mali chini ya udongo anaelewa upesi: mali iliyofungiwa kwa mutu moja ilileta vita, na kila mutu akabaki na vipande.

Mwaka 1910, kule Outokumpu, mashariki ya Ufini, wakavumbua mukuba wa kweli, mingi, ndani ya inchi ya mulima na ziwa. Na jina la mufundi aliyerudi mikono mitupu halikupotea. Leo mu Ufini Ilmarinen ni jina la kampuni yenye kulipa pansio kwa wafanyakazi wazee.