Hesabu siku zako za kazi kabla bosi akuhesabie

Tuseme umetoka Nakuru mjini ukapata kazi Keringet, kule Kuresoi Kusini kwenye baridi, chai na viazi. Umeanza kupokea maziwa ya wakulima tarehe 4 Machi 2024, ukapiga kazi mfululizo, na siku yako ya mwisho ikawa 3 Desemba 2024. Wakati wa kulipwa, bosi anasema umefanya miezi minane. Wewe unasema ni tisa. Nani yuko sawa?

Hapo kuna pesa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ukiachishwa kazi kabla ya mwaka kuisha, lakini umefanya miezi miwili au zaidi mfululizo, una haki ya angalau siku 1.75 za likizo yenye malipo kwa kila mwezi uliokamilika. Miezi minane ni siku 14. Miezi tisa ni siku 15.75. Na usidanganywe eti kibarua hana likizo. Ukishafanya miezi miwili mfululizo kwa mwajiri huyo, sheria inakupa haki sawa na mtu ambaye hakuanza kama kibarua.

Sasa toa simu, ufungue lahajedwali, iwe Excel au Google Sheets. Weka tarehe ya kuanza kwenye kisanduku A2 na ya kumaliza kwenye B2. Kisha andika =B2-A2. Utapata 274. Ikikuletea tarehe badala ya namba, badilisha kisanduku hicho kisome namba ya kawaida.

Lakini ngoja kidogo. Kwa kompyuta, tarehe ni namba tu. Excel inahesabu 1 Januari 1900 kama siku ya 1, na inaendelea hivyo hadi leo. Ukitoa namba moja kwa nyingine, siku ya kwanza inaachwa nje, na wewe siku hiyo ulifanya kazi! Kwa hivyo andika =B2-A2+1. Sasa ni siku 275.

Siku hiyo moja ndiyo inayoleta ubishi wa miezi. Ukiandika =DATEDIF(A2,B2,"m") unapata 8, kama bosi. Ukiandika =DATEDIF(A2,B2+1,"m") unapata 9, kwa sababu kuanzia tarehe 4 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, ukihesabu zote mbili, ni mwezi mzima. Bosi huenda hakuiba, fomula yake tu ilikuwa fupi. Usishangae Excel isipokupendekezea DATEDIF unapoanza kuandika. Iandike yote mwenyewe, itafanya kazi.

Je, siku ulizostahili kuwa kazini? =NETWORKDAYS(A2,B2) inakupa 197, lakini hiyo inaacha Jumamosi na Jumapili. Kama ulikuwa ukipumzika Jumapili pekee, andika =NETWORKDAYS.INTL(A2,B2,11). Unapata 236. Tofauti ni Jumamosi 39, na kama unalipwa kwa siku, hizo si za kuchezea. Fomula hizi mbili zinahesabu siku ya kwanza na ya mwisho, kwa hivyo usiongeze moja.

Mtego mwingine ni jinsi ya kuandika tarehe. Sisi 4/3/2024 tunaisoma 4 Machi. Simu iliyowekwa mtindo wa Marekani inaisoma 3 Aprili, na mwezi wako mmoja unapotea kimyakimya. Andika 2024-03-04, mwaka ukitangulia, na mkanganyiko unaisha.

Fomula haitakusaidia kama tarehe zenyewe huna ushahidi wake. Hifadhi jumbe za M-Pesa za malipo, kwa sababu kila moja ina tarehe. Piga picha daftari la mahudhurio. Omba mkataba wa maandishi.

Mwisho, dai la kandarasi ya kazi halingoji milele. Sheria inakupa miaka mitatu tangu tatizo litokee uwe umelifikisha kortini. Andika =EDATE(B2,36) uone: kwa mfano wetu ni 3 Desemba 2027. Usisubiri tarehe hiyo. Ukiwa na lahajedwali lako na jumbe zako, anza na bosi mwenyewe, na akikataa, mpelekee afisa wa leba.