Bingwa wa Jambo Moja

Atazamaye juu kutoka Kilakala, mjini Morogoro, huiona Milima ya Uluguru. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi ardhi, ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Yafaa tuuchungue mpango huo, maana waonyesha jinsi elimu iliyo sahihi iwezavyo kuleta hasara.

Katika fani yao wataalamu hawakukosea. Maji yatiririkayo kwenye mteremko ulio wazi huchukua udongo, na tuta lililosawazishwa huyapunguza kasi. Lakini mahali pengi milimani udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Aliyechimba ngazi aliuzika, akaleta juu udongo usio na nguvu. Tena ardhi ilikuwa mikononi mwa lukolo, na mara nyingi mkulima alikuwa ameiazima tu. Kuitengeneza kwa kudumu kulizusha swali la nani mwenyewe. Swali hilo halikuwamo katika elimu ya udongo. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, mtu mmoja akauawa, na amri ya matuta ikaachwa. Hata hivyo upande wa Mgeta, palipolimwa mboga za kuuza, matuta yalionekana kuwa na faida. Basi kosa halikuwa tuta lenyewe, bali kulidhani kuwa dawa ya kila mteremko.

Sisi wa lugha tusiwacheke. Niliporudi kutoka ng'ambo na shahada yangu, niliandika katika orodha yangu ya maneno kwamba lukolo ni “ukoo”, nikaridhika. Sauti na ngeli nilizipata barabara. Lakini msomaji wa Kiswahili aliyezoea kurithi kwa baba angepotea kabisa, kwani lukolo hufuata upande wa mama, na kwa njia hiyo ardhi hurithiwa. Mzee mmoja aliyelisikia fasili yangu aliniuliza, “Ukoo wa nani, mwalimu?” Sikuwa na jibu.

Simaanishi kwamba ubingwa haufai. Asiyejua udongo hawezi kuuokoa, wala asiyejua sarufi hawezi kutunga kamusi. Lakini bingwa anapaswa kutaja mpaka wa elimu yake kabla hajatoa shauri, na kuwauliza wanaoishi ng'ambo ya mpaka huo. Fasili ikikosewa hufutwa kwa kalamu. Aliyefia Matombo hakurudi.