Uagnostiki, Ukanamungu na Imani: Mipaka Ambayo Mchungaji Hana Budi Kuijua

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kupambanua misimamo mitatu ambayo mara nyingi huchanganywa mimbarani na hata darasani, yaani uagnostiki, ukanamungu na imani. Kijana msomi asemapo, "Mimi sijui kama Mungu yupo," huhesabiwa papo hapo kuwa mkanamungu, na mazungumzo hukoma. Kosa hilo si la istilahi tu. Tabibu atoaye dawa kabla ya kuutambua ugonjwa humdhuru mgonjwa. Vivyo hivyo mchungaji ajibuye swali ambalo hakuulizwa huweza kumfukuza mtu ambaye bado alikuwa akibisha hodi mlangoni.

1. Asili ya neno

Jina "mwagnostiki" lilibuniwa mwaka 1869 na mwanasayansi Mwingereza Thomas Henry Huxley, wakati chama cha mijadala kiitwacho Metaphysical Society kilipokuwa kikianzishwa London. Humo walikutana viongozi wa Kanisa, wanafalsafa na wanasayansi, na karibu kila mmoja alikuwa na jina la msimamo wake. Huxley akaona kuwa yeye hana. Katika insha yake ya mwaka 1889 alieleza kwamba alilibuni jina hilo kama kinyume cha Wagnostiki wa historia ya Kanisa, ambao walidai kuyajua mno mambo ambayo yeye hakuyajua. Katika Kiyunani gnosis ni ujuzi, na kiambishi a hukanusha. Basi mwagnostiki ni mtu akiriye kutojua.

Tuangalie kwa makini ni kitu gani Huxley alikikanusha. Hakusema kwamba Mungu hayupo. Alikataa dai la kuwa na hakika pasipo ushahidi wa kutosha, na kwa kipimo hicho hicho aliwakataa pia wale waliojidai kuwa na hakika kwamba Mungu hayupo.

2. Uagnostiki na ukanamungu

Mkanamungu, kwa maana iliyozoeleka, hutoa kauli: hakuna Mungu. Ludwig Feuerbach, katika kitabu chake juu ya kiini cha Ukristo kilichotoka mwaka 1841, alifundisha kwamba yule ambaye watu humwita Mungu ni asili ya mwanadamu mwenyewe, iliyokwezwa na kuabudiwa kana kwamba ni mwingine. Hiyo ni kauli ya mtu aonaye kuwa amekwisha kulipata jibu. Mwagnostiki hutoa kauli ya namna nyingine, kwa maana yeye hasemi juu ya Mungu bali juu ya mpaka wa ujuzi wa mwanadamu. Charles Darwin, akimjibu mtu aliyemwuliza habari za imani yake mwaka 1879, aliandika kwamba hakuwa kamwe mtu wa kukana kuwapo kwa Mungu, na kwamba jina la mwagnostiki lingemfaa zaidi.

Hata hivyo mpaka huu si ukuta. Wapo leo watumiao neno la ukanamungu kwa maana pana, yaani kutokuwa na imani yoyote katika Mungu; kwa maana hiyo mtu mmoja aweza kuwa mkanamungu na mwagnostiki pamoja. Tena waagnostiki wenyewe si wa namna moja. Yuko asemaye, "Sijui, wala hakuna awezaye kujua." Yuko asemaye, "Sijui bado." Na yuko asemaye, "Sijui, wala sijali." Wa kwanza ana fundisho, wa pili ana swali, wa tatu hana haja. Kuwajibu wote kwa hotuba moja ni kutowasikiliza.

Tukumbuke pia kwamba jina la ukanamungu limewahi kutumika kama tusi, nalo lilitupwa juu ya baba zetu. Wakristo wa karne ya pili waliitwa wakanamungu kwa sababu hawakuiabudu miungu ya dola ya Kirumi, na umati wa Smirna ulimpigia Polikarpo kelele kwa jina hilo kabla hajauawa. Historia hiyo itufundishe kutolitumia jina hilo kwa wepesi.

3. Imani ni kitu gani?

Hapa Kiswahili chenyewe ni mwalimu wetu. Kuamini, imani, amana na uaminifu ni maneno ya shina moja. Anayemwamini mtu humkabidhi amana. Walimu wa kale wa Kilutheri walitofautisha sehemu tatu za imani: kujua, kukubali na kutumaini, na wakaliona tumaini kuwa moyo wake. Kujua kwamba Mungu yuko si imani iokoayo. Yakobo 2:19 hutuonya kwamba hata mashetani wamefika hapo, nao wanatetemeka.

Kwa hiyo imani na uagnostiki si majibu mawili ya swali moja tu. Mwagnostiki anauliza: "Naweza kujua nini?" Imani inauliza: "Nimkabidhi nani maisha yangu?" Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1781, alionyesha kwamba akili haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kuwapo kwa Mungu, lakini hakuona kuwa mpaka huo unaifuta imani.

Hapa ndipo penye upungufu wa uagnostiki. Mtu aweza kuahirisha hukumu, lakini hawezi kuahirisha kuishi. William James, mwaka 1896, alisema kwamba yako mambo ambayo kutoamua ni kuamua. Luther alikwisha kuonyesha katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 kwamba kile ambacho moyo unakitegemea ndicho mungu wa mtu. Aliyesimamisha hukumu juu ya Mungu hakuusimamisha moyo wake; utaegemea mali, cheo, ukoo au elimu. Lakini neno hili linatukata na sisi, kwani yuko pia asomaye Kanuni ya Imani kila Jumapili huku tumaini lake likiwa mahali pengine.

4. Mungu aliyefichwa

Mlutheri hana sababu ya kuogopa mtu akisema kwamba akili haimfikii Mungu. Katika Mdahalo wa Heidelberg, mwaka 1518, Luther alikataa kumwita mwanatheolojia yule adhaniye kuwa ameyaona mambo ya Mungu yasiyoonekana kwa kuvitazama viumbe. Mwanatheolojia wa kweli humfahamu Mungu katika mateso na msalaba. Isaya 45:15 humkiri Mungu ajifichaye. Tofauti yetu na mwagnostiki si kwamba sisi tumepanda juu kuliko yeye. Tofauti ni kwamba tumesikia habari ya Mungu aliyeshuka.

5. Mbele ya kaburi

Mwezi Septemba 1860 Huxley alifiwa na mwanawe wa kwanza, Noel, aliyekuwa hajatimiza miaka 4. Kasisi Charles Kingsley alimwandikia barua ya faraja. Katika jibu lake Huxley alisema kwamba hakanushi wala hathibitishi kwamba mwanadamu huishi baada ya kufa. Alisimulia pia jinsi alivyosimama nyuma ya jeneza la mtoto na kumsikia mhudumu akisoma neno la Paulo katika 1 Wakorintho 15:32, kwamba kama wafu hawafufuliwi, na tule na kunywa. Baba yule alichomwa moyo, kana kwamba asiye na tumaini la ufufuo hana ila kuishi kama mnyama, hata katika huzuni yake.

Mhudumu hakusoma neno la uongo, lakini aya ile ni hoja inayoelekea ushindi wa Kristo, na mfiwa alisikia shutuma tu. Kingsley naye aliandika kama rafiki, na kwake Huxley aliufungua moyo wake kwa kirefu. Yeye hakugeuka kuwa mwamini, lakini mlango wa mazungumzo haukufungwa.

Hitimisho

Basi tunawasihi watumishi wenzetu mambo matatu. Kwanza, tumwulize mtu anamaanisha nini asemapo "sijui" kabla ya kumpa jina. Pili, tusimhesabu mwenye mashaka kuwa mwasi. Baba wa mtoto katika Marko 9:24 alileta imani yake na kutoamini kwake pamoja, na Bwana hakumrudisha. Tatu, tusijaribu kuziba pengo la ujuzi kwa hoja tu. Paulo, katika Matendo 17, aliikuta Athene madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Hakuibomoa, wala hakuwasifu wenyeji kwa kutojua kwao. Alianzia hapo, akamhubiri Yeye aliyefufuliwa katika wafu. Wengine walidhihaki, wengine walitaka kumsikia tena, na wengine waliamini. Kazi yetu ni kuhubiri, na kuwangoja kwa saburi wale watakao kusikia tena.