Karakana za Tudor (Sehemu ya Nne)

Mjadala wa fedha za vyuo vikuu vya Kenya, ambao haujatulia tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze mwaka 2023, umenirudisha tena Tudor, Mombasa, kwenye chuo cha ufundi ninachosimulia humu. Aliyeandamana nami tangu sehemu ya kwanza anajua sababu.

Tuliishia pale Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na Gavana Philip Mitchell walipokubaliana kuwajengea vijana Waislamu wa Afrika Mashariki taasisi yao Mombasa. Hiyo ndiyo MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoasisiwa 1948 ikapokea wanafunzi 1951. Leo nataka tutazame walichochagua kufundisha. Wangeweza kujenga shule ya makarani, na wazazi wengi wangeshukuru. Wao walichagua ufundi, wakauweka chini ya kuba na matao, mahali pa heshima.

Walijua wanamjengea nani. Pwani hii fundi alikuwa na hadhi yake kabla ya shule yoyote ya serikali. Muunda jahazi mwenye tezo na keekee hakuhitaji mchoro wa karatasi. Vipimo vilikaa machoni na mkononi mwake, na mwanagenzi alivipata kwa kukaa naye miaka. Kwangu mimi, MIOME ilikuja kumwongezea fundi huyo hesabu na michoro, si kumfuta.

Kisha majina yakafuatana. Mwaka 1966 milango ilifunguliwa kwa watu wa dini zote, hatua ninayoipenda kuliko zote. 1972 ikawa politekniki. 2007 chuo kishiriki cha JKUAT, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Januari 2013 kikapata hati ya chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kinachoniuma ni sisi wazazi. Jina lilivyopanda ndivyo tulivyozidi kuuliza habari za joho na kusahau mikono. Stashahada bado hutolewa pale, lakini mzazi humtaja mwanawe wa stashahada kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Bandari ya Kilindini inaendeshwa na nani, kama si hao?

Turudi kwenye ufadhili. Mfumo wa 2023 humpima mwanafunzi kwa uwezo wa familia yake, na hilo ni haki. Ila mashine ya karakana haina familia. Inataka vyuma, umeme na vipuri hata darasa likiwa na vijana kumi tu. Fedha zikimfuata mwanafunzi peke yake, chuo cha ufundi kitavutwa kwenye kozi za chaki na ubao. Juma lijalo tutaona wale wa 1948 walichangishana vipi.